Mbwa anayeanguka kisha akainuka: kufuatilia uvimbe wa moyo na wa tezi za homoni

Mbwa akianguka ghafla, akalala robo saa, kisha akainuka na kwenda kunywa maji, watu wengi hushusha pumzi wakasema amepona. Mimi wasiwasi wangu huanzia hapo. Kwa mbwa mkubwa aliyefikisha miaka 8 na kuendelea, kuanguka na kuinuka ni tabia ya damu inayovuja kidogo ikasimama, au ya homoni inayomwagika kwa vipindi, na nyuma ya hali zote mbili mara nyingi kuna uvimbe.

Dalili peke yake haitoshi kukuongoza. Kuishiwa nguvu, kuhema, tumbo kujaa, kikohozi: hizo utazikuta kwenye maradhi chungu nzima. Kinachotenganisha ugonjwa mmoja na mwingine ni muda. Dalili ilianza saa ngapi? Ilikaa dakika au masaa? Iliondoka yenyewe? Mbwa alikuwa ameshiba, ana njaa, au ametoka kukimbia? Andika hayo kwenye daftari, na mrekodi kwa simu tukio linapoendelea. Daktari akimkuta mbwa amesimama anatikisa mkia, video hiyo ndiyo itakayomwonyesha kilichotokea.

Anza kwa mikono yako

Inua mdomo wa juu, bonyeza ufizi kwa kidole gumba mpaka ugeuke mweupe, kisha achia. Rangi ya waridi irudi ndani ya sekunde 2. Mbwa wengi wana fizi nyeusi ambazo hazisemi kitu. Kwa hao vuta kope ya chini uangalie nyama ya ndani. Weupe wa karatasi au rangi ya kijivu ni dharura, hata kama mbwa anatembea.

Sasa weka ncha za vidole vitatu ndani ya paja, juu kabisa karibu na kinena, utapata mshipa unaodunda. Hesabu sekunde 15, zidisha kwa 4. Mbwa aliyetulia huwa kati ya 60 na 140, wakubwa wakielekea chini na wadogo juu. Lakini usihesabu tu, sikiliza nguvu ya mdundo. Ukihisi unafifia kila mbwa anapovuta pumzi na kurudi anapoitoa, basi kuna kitu kinachoubana moyo usijae. Lowesha manyoya ya shingo kwa spiriti, mbwa akiwa amesimama, utazame mfereji ulio kando ya koromeo. Mshipa uliosimama umejaa hadi karibu na taya unaonyesha kuwa damu inarudi lakini haipati nafasi ya kuingia moyoni.

Jambo la mwisho ni kuhesabu pumzi akiwa amelala usingizi. Zisizidi 30 kwa dakika.

Ameanguka ghafla, fizi nyeupe, mdundo hafifu

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni hemanjiosakoma, saratani ya chembe zinazojenga kuta za mishipa ya damu. Ndiyo saratani inayoongoza kwenye moyo wa mbwa, na hupenda kukaa kwenye chumba cha juu cha moyo, upande wa kulia. German Shepherd, Golden Retriever na Labrador wako mstari wa mbele. Uvimbe huu ni laini, umejaa damu, na hupasuka kirahisi. Ukipasuka, damu humwagika ndani ya mfuko unaouzunguka moyo.

Mfuko huo haunyumbuliki haraka. Damu isiyofika hata mililita 150, ikiingia kwa mkupuo, inatosha kuubana moyo wa mbwa mkubwa hadi usiweze kujaa. Moyo unapiga kwa kasi, lakini hauna cha kusukuma. Mbwa anaanguka. Uvujaji ukisimama na kiasi fulani kikafyonzwa, shinikizo linapungua, naye anainuka. Siku kadhaa baadaye hali inajirudia, safari hii kwa nguvu zaidi.

Cha kufanya: mbebe, usimtembeze. Usimpe chakula wala maji kwa nguvu. Na tafadhali sana, usimpe Lasix wala furosemaidi ya jina lolote kwa sababu tu mtu amesema "ni moyo". Dawa hiyo hukojoza maji ya mwilini na kupunguza damu inayorudi moyoni. Kwa moyo uliochoka na mapafu yaliyojaa maji inaokoa maisha. Kwa moyo uliobanwa na damu ndani ya mfuko wake, inaondoa hata kile kidogo kilichokuwa kinaingia. Ndiyo maana ultrasaundi inatangulia dawa. Daktari hahitaji mashine ya bei kubwa kuona jambo hili moja: kimiminika huonekana kama pete nyeusi inayouzunguka moyo unaodunda. Mbwa akiwa bado ana nafuu, ni vizuri uvimbe utafutwe kabla kimiminika hakijatolewa, kwa sababu pete ile nyeusi huuchora ukaonekana vizuri.

Kukitoa ni kazi ya sindano ndefu yenye mrija. Upande wa kulia wa kifua hunyolewa, ngozi na nyama hutiwa ganzi, sindano ikaingizwa kati ya mbavu ya 4 na ya 6 huku mtu mwingine akitazama mapigo kwenye mashine. Kinachotoka mara nyingi ni chekundu cha kuiva, kama juisi ya choya. Tone la kwanza huwekwa kwenye kichupa kisicho na dawa na kuachwa dakika chache. Likibaki maji maji, limetoka kwenye mfuko, kwa kuwa damu iliyokaa humo hupoteza uwezo wa kuganda. Likiganda, daktari anasimama na kuangalia upya sindano iko wapi, maana huenda imeingia ndani ya moyo wenyewe. Na mara nyingi, kabla kazi haijakwisha, mbwa aliyeletwa amelegea hunyanyua kichwa na kutafuta sauti ya mwenyewe.

Furaha hiyo ni ya kweli, lakini chanzo bado kipo. Wengu, ini na mapafu lazima yaangaliwe siku ileile au kesho yake, kwa sababu saratani hii husambaa mapema. Bila tiba zaidi, mbwa wengi hawamalizi wiki chache. Tibakemikali ya doksorubisini huongeza muda, kwa kawaida hadi miezi minne hivi, na haiponyi. Mwenye mbwa anastahili kuambiwa hivyo waziwazi, kabla hajaanza kukopa hela.

Tumbo linajaa polepole, anachoka, anakohoa kwa wiki nyingi

Huyu hakuanguka. Amepunguza mwendo, anaacha chakula, tumbo limetuna huku mgongo ukikonda. Weka kiganja upande mmoja wa tumbo, gonga upande wa pili kwa kidole: ukihisi wimbi linakuja, kuna maji. Ukikuta pia mshipa wa shingo umejaa, elekeza macho moyoni.

Kimiminika kikijikusanya taratibu, mfuko wa moyo hupata nafasi ya kutanuka, na kwa mbwa mkubwa kinaweza kufika lita nzima kabla mambo hayajaharibika. Uvimbe unaofanya kazi hii ya polepole mara nyingi ni kemodektoma. Huota kwenye shina la moyo, pale mshipa mkuu wa aota unapotokea, kutoka kwenye vijitezi vinavyopima oksijeni na kabonidaioksaidi katika damu. Boxer, Bulldog na Boston Terrier, mbwa wenye pua fupi, ndio wanaoupata zaidi. Inadhaniwa kwamba maisha ya kupumua kwa shida huvilazimisha vijitezi hivyo kufanya kazi kupita kiasi mpaka vinaota. Kwa mbwa, uvimbe huu kwa kawaida haumwagi homoni. Unasumbua kwa kukaa mahali pabaya: unabana mishipa, unainua bomba la hewa, unaleta kikohozi na wakati mwingine kichwa na miguu ya mbele kuvimba.

Habari njema ni kwamba hukua polepole. Daktari wa upasuaji akikata na kuondoa sehemu ya mfuko wa moyo, kimiminika hakikusanyiki tena pale penye madhara, na mbwa wengi huishi zaidi ya mwaka, wengine miwili, uvimbe ukiwa bado umo. Tofauti kati yake na hemanjiosakoma ni kubwa mno kiasi kwamba kusema "ana uvimbe wa moyo" bila kutaja uko wapi ni kumpa mwenye mbwa nusu ya jibu. Chumba cha juu cha kulia, au shina la moyo? Dai jibu la swali hilo.

Mahali hapohapo kwenye shina hutokea pia uvimbe wa tezi ya dundumio, yaani thairoidi, ambayo kwa kawaida hukaa shingoni. Vipande vya tezi hiyo hubaki kifuani tangu mbwa akiwa tumboni mwa mama yake, na miaka baadaye kipande kimoja huweza kugeuka saratani. Na kuna mbwa wakubwa, Golden Retriever hasa, ambao mfuko wao hujaa damu bila uvimbe wowote kuonekana. Karibu nusu yao hupona kwa kutolewa kimiminika mara moja au mbili tu. Kwa hiyo kukuta damu kwenye mfuko wa moyo si hukumu ya kifo.

Kabla ya kutamka saratani

Kwetu Afrika Mashariki kuna mambo matatu ambayo vitabu vya Ulaya huyapitia haraka, nami siwezi kuyapitia haraka.

La kwanza ni mnyoo Spirocerca lupi, ambao umeandikwa kwa mbwa wa Kenya tangu zamani. Mbwa humpata kwa kula mende wanaoviringisha mavi, au kwa kula kuku, mjusi au panya aliyewala mende hao. Matumbo mabichi ya kuku wa kienyeji ni njia nzuri sana ya kumpata. Viluwiluwi hupanda kupitia kuta za mishipa ya damu hadi aota, hukaa humo miezi kama mitatu, kisha huhamia kwenye umio na kujenga donge. Donge hilo huweza kugeuka saratani, na aota iliyotobolewatobolewa huweza kupasuka mbwa akafa papo hapo. Dalili yake ni tofauti na ya uvimbe wa moyo: mbwa hutema chakula muda mfupi baada ya kula, hutoa udenda, hukonda akiwa bado ana hamu ya kula. Kwenye eksirei, donge la mnyoo hukaa nyuma ya moyo kuelekea kiwambo, ule ukuta wa nyama kati ya kifua na tumbo, ilhali uvimbe wa shina la moyo hukaa mbele na juu, ukisukuma bomba la hewa. Mifupa ya uti wa mgongo iliyo juu ya eneo hilo mara nyingi huwa imeota miiba. Mayai kwenye kinyesi hayaonekani kila siku, hivyo kipimo kimoja kisicho na mayai hakimwachilii mtuhumiwa. Donge ambalo bado halijawa saratani linatibika kwa sindano za doramektini chini ya daktari. Usimtibu mwenyewe kwa ivamektini ya ng'ombe: mbwa wa jamii ya Collie na machotara wao wanaweza kufa kwa dawa za kundi hilo.

La pili ni kupe. Elikia na babesia, magonjwa yanayoletwa na kupe, huleta fizi nyeupe, udhaifu na kuanguka. Homa inayozidi nyuzi 39.5, mkojo wa rangi ya chai nzito, macho ya manjano, madoa madogo mekundu kwenye fizi au damu puani huelekeza huko. Kipimo cha damu ni cha bei ndogo kuliko ultrasaundi, basi kifanywe siku ileile.

La tatu ni sumu ya panya inayozuia damu kuganda. Mbwa huwa mzima siku mbili hadi tano baada ya kuila, kisha anaanza kuvuja ndani: kifuani, tumboni, hata kwenye mfuko wa moyo. Uliza walinzi, uliza majirani, angalia stoo. Vitamini K1 ikiwahi, mbwa huyu anaishi, na ni uchungu mkubwa kumpoteza kwa sababu kila mtu alikuwa anatafuta uvimbe.

Anaamka usiku anahema na kutetemeka, kisha anatulia

Mchana kutwa yuko sawa. Saa nane usiku anaamka, ulimi nje ingawa kuna baridi, anazunguka chumba, moyo unadunda hadi mbavu zinacheza, miguu ya nyuma inatetemeka. Baada ya nusu saa analala. Siku tatu hakuna kitu, ya nne inajirudia mara mbili. Ukimpeleka kliniki, kila kipimo ni kizuri.

Mpangilio huu wa kuja na kuondoka ndio unaotufanya tufikirie feokromositoma, uvimbe wa sehemu ya ndani ya tezi ya adrenali, ile iliyo karibu na kila figo. Sehemu hiyo hutengeneza adrenalini, na uvimbe huimwaga bila ratiba. Presha hupanda ghafla, mara nyingine hadi mbwa akapofuka au akatoka damu puani. Uvimbe huu na kemodektoma ni wa ukoo mmoja, wametokana na chembe za asili moja, na mbwa mwenye uvimbe mmoja wa tezi si ajabu kukutwa na mwingine. Kwa hiyo mbwa aliyepigwa ultrasaundi ya moyo na kukutwa na uvimbe wa shina, apigwe na ya tumbo pia.

Presha ipimwe mara kadhaa, siku tofauti. Ultrasaundi itafute donge kwenye tezi, na itazame pia kama limeingia ndani ya mshipa mkuu unaorudisha damu moyoni, jambo ambalo uvimbe huu hulifanya mara kwa mara. Mkojo hupimwa mabaki ya adrenalini. Tiba ya kweli ni kuukata, lakini kumlaza mbwa huyu kwa dawa ya usingizi bila maandalizi ni hatari kubwa. Hutangulizwa wiki mbili tatu za fenoksibenzamini kutuliza mishipa. Na ikiwa mbwa wa namna hii ataanguka na fizi nyeupe, kumbuka kwamba uvimbe wenyewe unaweza kupasuka na kuvuja tumboni. Rudi kwenye hatua za dharura.

Anakunywa sana, anakula sana, tumbo limening'inia

Hapa hakuna vipindi. Dalili zipo kila siku na zimejengeka kwa miezi. Pima maji kwa jagi kwa saa 24: zaidi ya mililita 100 kwa kila kilo ya mwili ni nyingi mno, yaani lita 3 kwa mbwa wa kilo 30. Manyoya yanapungua ubavuni pande zote mbili, ngozi imekuwa nyembamba, anahema hata akiwa kivulini. Huo ni ugonjwa wa Cushing, homoni ya kortisoli kuzidi. Kati ya mbwa 100 wenye ugonjwa huu, 80 hadi 85 chanzo ni kijiuvimbe cha tezi ya pituitari chini ya ubongo; waliobaki ni uvimbe wa adrenali.

Watu huchanganya tumbo hili na lile la maji ya moyo. Angalia sahani: mwenye Cushing anamaliza na kudai tena, mwenye moyo uliobanwa anaiacha. Angalia pia historia ya dawa. Mbwa aliyechomwa sindano za kuwashwa ngozi mwezi baada ya mwezi, deksamethasoni au prednisoloni, hupata sura ileile bila uvimbe wowote, naye hapaswi kukatishwa dawa ghafla bali kupunguziwa. Jike asiyefungwa kizazi, anayekunywa sana wiki chache baada ya joto, atazamwe kwanza usaha kwenye mji wa mimba, maana huo hausubiri.

Anayumba kabla ya kula au baada ya kukimbia

Miguu ya nyuma inalegea, anatazama kama hakujui, wakati mwingine degedege, kisha akila anarudi sawa. Pima sukari ya damu wakati wa tukio. Chini ya milimoli 3.3 kwa lita, fikiria uvimbe wa kongosho unaomwaga insulini. Glukomita ya binadamu husoma chini kidogo kwa damu ya mbwa, hivyo maabara ithibitishe. Nyumbani mpake asali kidogo kwenye fizi, akizinduka mpe mlo mdogo, usimshindilie sukari.

Donge shingoni nalo lisiachwe. Kwa mbwa, tofauti na paka, donge la dundumio unaloweza kulishika kwa mkono mara nyingi ni saratani. Linalosogea chini ya vidole hukatwa vizuri. Lililogandamana na nyama limechelewa.

Siku ya kumpeleka

Nenda na daftari, video, orodha ya dawa zote na za kienyeji, na mkojo wa asubuhi kwenye chupa safi. Hospitali za kufundishia za Chuo Kikuu cha Nairobi huko Kabete, Chuo Kikuu cha Sokoine (SUA) Morogoro na Chuo Kikuu cha Makerere Kampala zina wataalamu wa wanyama wadogo, na daktari wako wa mtaani anaweza kuwapigia simu kabla hujasafiri. Mbwa mwenye fizi nyeupe asisafirishwe masaa mengi kabla kimiminika hakijatolewa. Apate nafuu kwanza, ndipo aende.

Kimiminika kikirudi ndani ya siku chache baada ya kutolewa mara mbili, na uvimbe umeonekana kwenye chumba cha juu cha kulia pamoja na madoa kwenye ini au mapafu, zungumza na daktari kuhusu kumpumzisha mbwa kwa sindano. Zungumza mchana, mbwa akiwa ametulia na wote wa nyumbani wapo, mkubaliane ni dalili ipi ikitokea mtampigia, na kwa namba ipi usiku.